Bila Kusimama

Mume alikuwa mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa kwenye msumari karibu na dirisha, povu limemkaa shavu moja, wembe mkononi, naye anasema peke yake. Mkewe, aliyekuwa akikunja shuka, alituliza mikono ili amsikie vizuri.

"Mimi ni mtu mchapakazi," mume alikiambia kioo, "mwaminifu, mwenye kujituma, ninayeweza kufanya kazi bila kusimama." Akanyoa mstari mmoja chini ya sikio, akasuuza wembe kwenye kopo, akarudia: "Bila kusimama."

Aliyatamka polepole, kama mtu anayekula kitu kitamu na hataki kiishe. Mkewe alitabasamu, akaendelea na shuka lake. Maneno yale alikuwa ameyachapa yeye mwenyewe, tena si mara moja wala mara mia, hata masikio yake yakawa yameacha kuyasikia. Laiti angeyasikia asubuhi ile, sisi leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Mtaani mke huyu walimwita Katibu. Hakuwa katibu wa chama wala wa ofisi yoyote. Alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara, kompyuta kuukuu, printa iliyopenda kutafuna karatasi siku za mvua, na benchi la wateja lililong'aa kwa kukaliwa. Watu walikuja na vyeti vyao ndani ya mifuko ya nailoni, wakatoka na wasifu safi wenye picha kwenye kona ya juu. Na kila wasifu ulifunguliwa kwa aya moja, chini ya kichwa cha Maelezo Binafsi, na aya hiyo ilikuwa ileile kwa mpishi na kwa mhasibu, kwa mlinzi na kwa mkunga.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Siku za kwanza alikuwa akimgeukia mteja na kumwuliza, "Haya, nieleze, wewe ni mtu wa namna gani?" Hapo ndipo ndimi zilipokuwa zikikwama. Mwanamume aliyekuwa akipiga soga na benchi zima angeinamisha kichwa na kutazama viatu vyake. Mwanamke aliyewalea wadogo zake wote baada ya wazazi kuondoka duniani angesema, "Mimi? Mimi wa kawaida tu." Kujisifu ni mzigo kwa mtu aliyelelewa vizuri, tangu utotoni ameambiwa aache wengine wamsemee. Basi wote wangeishia kwenye ombi moja: "Weka ile ya kawaida, Katibu." Naye, foleni ikiwa imemwagika hadi barazani, akaiandika hiyo ya kawaida mara moja, akaihifadhi, na tangu siku hiyo akawa anainakili na kuibandika kama mama anavyobandika sufuria la maji, bila hata kutazama.

Kisha siku moja aya ikazidi mstari, ikaisukuma elimu ya mteja hadi ukurasa wa pili. Katibu akapunguza hapa, akabana pale. Katika kukatakata huko, neno "kusimamiwa" likakatwa mkia, likabaki "kusimama". Hakuna aliyegundua. Mpishi asiyesimama ni baraka. Mfagiaji asiyesimama, nani atamkataa? Kulikuwa na mlinzi mmoja wa ghala aliyeajiriwa kwa maneno hayo na akayatimiza yote: hakusimama, alikaa kitini kuanzia machweo hadi jua lilipomkuta amelala.

Kosa lina subira kuliko binadamu. Hili lilikaa kimya likimsubiri dereva, na dereva mwenyewe akawa ni wa nyumbani.

Mumewe alikuwa ameendesha malori tangu ujana. Madereva wenzake walimpa jina la Kobe, kwa sababu ya mwendo wake. Kwa miaka mingi alilicheka jina hilo pamoja nao, lakini mwisho wake haukuwa wa kuchekesha. Kampuni aliyokuwa akiibebea saruji ilimwachisha kazi, na msimamizi akamwambia mbele ya watu kwamba saruji ya Kobe hufika nyumba ikiwa imeshahamiwa. Watu walicheka, naye akacheka, akarudisha funguo. Tangu siku hiyo alikuwa nyumbani. Alipaka mafuta bawaba za milango yote, akarekebisha vitasa, akashona hata mkoba wa shule wa binti yao, na nyumba nzima ikawa haina kitu kinacholia wala kulegea isipokuwa yeye mwenyewe. Halafu shule moja ikatangaza kwamba inatafuta dereva wa basi la wanafunzi. Akaitaka kazi ile waziwazi, kwa namna ambayo mkewe hakuwahi kumwona akitaka kitu. Shati la usaili alilipiga pasi mwenyewe, mara mbili.

Alirudi kabla ya adhuhuri. Katibu alimwona akivuka barabara na akajua kabla hajafika mlangoni, maana mtu uliyeishi naye humsomi uso, unamsoma mabega. Akawaomba wateja waliokuwapo warudi baadaye kidogo. Mumewe akaingia, akaiweka bahasha juu ya kibodi, kisha akaketi kwenye benchi, upande wa wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

"Umekosa?" Katibu aliuliza.

"Sijui kama nimekosa." Akajifuta jasho. "Tulikuwa tumekaa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Jirani yangu, yule jamaa aliyekuwa anaendesha teksi pale sokoni, alikuwa anajisomea karatasi yake asije akasahau. 'Mimi ni mtu mchapakazi, mwaminifu.' Nikacheka. Nikadhani amechungulia yangu. Nikaitoa, tukazilinganisha."

Katibu aliitupia jicho bahasha.

"Nukta kwa nukta, mama watoto."

"Endelea."

"Nikaingia. Mwalimu mkuu ni mama mtu mzima, mpole, hana makuu. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Halafu akaniuliza, 'Bwana dereva, kama wewe unafanya kazi bila kusimama, watoto wangu watashukaje?'"

Kicheko kilimpanda Katibu kooni kabla hajakitambua, akakimeza kwa shida. Akaivuta karatasi kutoka kwenye bahasha, akaitazama kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akaliona neno.

"Ni kusimamiwa," alisema haraka. "Bila kusimamiwa, yaani bila bosi kukukalia kichwani. Ni kosa la kuchapa tu, baba watoto. Mkia umekatika."

"Mimi sikujua kama ni kosa." Mumewe alikuwa akitazama viganja vyake. "Nilidhani umeandika makusudi. Kila mtu ananiita Kobe. Nikasema, kumbe mke wangu ananiona hivi. Ndiyo maana nilikuwa nayasema kila nikinyoa."

Kosa la uchapaji hufutwa. Hili halikuwa na kitufe chake. Katibu aliona haya, haya ya kweli. Mume amekaa siku zote hizo akiyaonja maneno kama tunu kutoka kwa mkewe, kumbe ni makombo ya kila mteja. Alitaka kusema samahani, na neno lenyewe akaliona ni dogo, likabaki ndani.

"Sasa amesemaje mwishoni?" aliuliza.

"Wote wenye aya hiyo ameturudisha. Kesho kabla ya kengele ya mapumziko. Amesema, 'Leteni iliyo yenu.'"

"Basi tuandike sasa hivi." Katibu alikigeuza kiti, akafungua ukurasa mtupu. "Haya. Wewe ni mtu wa namna gani?"

Mumewe akatazama viatu vyake.

"Andika yoyote," alisema. "Kizuri chajiuza."

"Kizuri chajiuza kikiwa dukani watu wanakiona. Wewe uko ndani ya bahasha."

Mume akacheka kidogo, na kile kicheko kikawapunguzia uzito wote wawili, lakini hakikuleta maneno. Katibu aliandika "makini", akafuta. Akaandika "hodari mwenye uzoefu", akamtazama mumewe aliyekaa kwenye benchi na shati lake lililopigwa pasi mara mbili, akafuta tena. Kila neno lilimpwaya kama koti la kuazima. Alijua mtu huyu anavyokoroma, anavyokunywa chai ya kwanza bila kusema na mtu, anavyokaa kimya akiwa na hasira. Lakini ukimwambia ayaweke kwenye mistari mitatu, mikono inaganda. Kinyozi hajinyoi, walisema waliotangulia, na inaelekea hawezi hata kumnyoa wa kwake.

"Bado kuna kesho," mumewe alisema, akainuka, akaenda zake nyumbani kwa mwendo wake uleule.

Jua lilipoanza kulegea, mlangoni akatokea yule dereva wa teksi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mirefu, na hakuonekana kuwa na kinyongo.

"Katibu, leo umetuchekesha hadi ofisini kwa watu," alisema akikaa. "Niwekee nyingine. Ya kawaida, ila isiwe ya kawaida."

Nafasi ilikuwa moja, na aliyekaa mbele yake ndiye aliyekuwa akiigombea na mumewe. Lazima tuseme kweli: wazo lilimpitia. Angeweza kugeuza maneno mawili matatu, akampa koti jingine la kuazima, akamsindikiza kwa tabasamu, na hakuna ambaye angejua. Wazo lilikaa kidogo, likatazamwa, na Katibu akaona kwamba halimfai. Aliyemuumiza mumewe asubuhi ni mvivu huyuhuyu aliye ndani yake, anayebandika bila kutazama. Akaondoa mikono kwenye kibodi. Lile swali lake la zamani lilikuwa limemchosha, basi akauliza la kwanza lililomjia:

"Abiria akitapika garini, unafanyaje?"

"Loo." Yule bwana akacheka, akajiweka sawa. "Hapo umenigusa. Kwanza namwambia hata mimi nilishawahi kutapika, tena mbele ya wakwe. Ni uongo, lakini aibu inamtoka. Mtu akiona aibu anatapika zaidi, ulikuwa hujui? Halafu dirisha. Halafu nina kopo la mchanga chini ya kiti, na kitambaa..."

Aliongea mpaka taa ya printa ikazimika yenyewe kwa kungoja. Katibu alichapa karibu kama alivyosikia, akitoa chumvi palipozidi. Alipomkabidhi karatasi, yule mtu mwenye maneno mengi akanyamaza. Akasoma, akarudia.

"Huyu ni mimi," alisema kwa sauti ndogo, kama aliyekutana na ndugu yake stendi.

Akaondoka amenyoosha mgongo. Katibu akabaki anatazama kiti kitupu, nusu amefurahi na nusu ana hofu, maana alijua amempa mshindani wa mumewe silaha nzuri. Lakini alikuwa amejua jambo ambalo miaka yote ya kazi haikumwonyesha. Muulize mtu alivyo, atakuwa bubu. Muulize anavyofanya, utatafuta pa kumkatishia.

Alipofika nyumbani, kuku wa jirani walikuwa wakipanda kulala na watoto wakigombania meza ya kufanyia kazi za shule. Mumewe alikuwa uani na toroli la jirani, ambalo lilikuwa limevunjika gurudumu naye akalitengeneza. Alikuwa anataka kulirudisha. Katibu akasimama kwenye kizingiti bila kumsemesha. Mume akaliendea toroli, lakini hakulishika, akalizunguka kwanza. Akainama, akachungulia chini yake. Akapiga gurudumu kofi moja, akasikiliza, kisha ndipo akashika mishikio yake na kulisukuma.

Toroli, jamani. Katibu alianza kucheka, halafu kicheko kikamwishia njiani, kwa sababu nyuma ya toroli lile alikuwa ameliona lori.

Ilikuwa zamani, mtoto wao wa kwanza hajaanza hata kutambaa. Alipanda lori la saruji pamoja na mumewe kwenda kumjulia hali mama yake. Walikuwa wakipita kwenye njia ndefu nyembamba yenye kuta pande zote mbili pale mpira ulipotokea kwenye upenyo wa ukuta, mpira wa matambara, ukavuka barabara taratibu na kusimama kwenye mtaro. Mumewe akafunga breki. Lori zima likaguna, likasimama. Hapakuwa na mtu. Nyuma yao gari jingine likaanza kupiga honi.

"Mbona umesimama?" yeye alimwuliza. "Si mpira tu?"

"Mpira una mwenyewe," mumewe alijibu, na kabla hajafunga mdomo, mtoto akachomoka kwenye ule upenyo, kaptura imemshuka kiunoni, mbio, bila kutazama kulia wala kushoto. Akauokota mpira wake mbele ya bampa, akainua macho akalitazama lori kana kwamba ni nyumba iliyojengwa pale siku zote, akarudi alikotoka. Mume akaingiza gia na kumwuliza mkewe kama ana kiu. Hawakulizungumza tena. Kwake yeye halikuwa jambo la kuzungumzwa.

Katibu aliingia ndani, akawanyang'anya watoto kona moja ya meza, akaigeuza ile karatasi iliyorudishwa na kuandika nyuma yake kwa kalamu. Aliandika bila kufuta. Mumewe aliporudi kutoka kwa jirani akifuta mikono kwa tambara, alimwambia akae, akamsomea:

"Mimi ni dereva ninayejua kusimama. Kabla ya kuwasha gari hulizunguka na kuchungulia chini yake, hata kama nimetoka kuliegesha sasa hivi. Nikiona mpira umevuka barabara, husimama kabla sijamwona mtoto, kwa sababu mpira una mwenyewe. Kwa hiyo huchelewa kidogo. Wote niliowahi kuwapakia walifika."

Watoto waliacha kugombana. Mume alilishika tambara lake kwa mikono miwili.

"Futa hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo iliyonifukuzisha kazi. Unataka nikajitangaze mwenyewe kwamba ni Kobe?"

"Kule ulikuwa unabeba saruji, baba watoto. Saruji haina mama anayeisubiri mlangoni."

Mume akalikunja tambara. Binti yao akamtazama baba yake, akamtazama mama yake, akajitia anaandika.

"Ule mpira," mume alisema hatimaye. "Bado unaukumbuka?"

"Nilikuwa nimesahau kwamba naukumbuka."

Akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Akaisoma tena. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu: "Na yule jamaa wa teksi? Alikuja?"

"Alikuja."

"Umemwandikia?"

"Nimemwandikia vizuri."

"Vizuri kiasi gani?"

"Vizuri kama alivyo."

Mumewe alimkazia macho kwa muda. Katibu alingoja, maana hapa angeweza kulaumiwa na lawama ingekuwa na mahali pa kukaa. Lakini mume akatikisa kichwa polepole kukubali, akaikunja karatasi kwa uangalifu, pembe juu ya pembe.

"Haya," alisema. "Mwalimu atachagua mtu, si karatasi."

Kesho yake alinyoa bila kusema neno. Katibu aliichapa aya dukani, akaitoa ikiwa bado ina joto la printa, na mumewe akaisoma kwa kusimama, akaitia kwenye bahasha, akaondoka. Alipotoweka kwenye kona, Katibu alifungua lile faili la zamani. Ilikuwepo, aya yake, mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma, imekaa pale kama kawaida. Alifikiri angeihurumia kidogo. Akaifuta, na mashine ikamwuliza kama ana hakika, akasema ana hakika.

Asubuhi ilikuwa ndefu. Kila aliyepita mlangoni alimfanya ainue kichwa. Akaharibu nakala za mtu, akazirudia. Mwanamke mmoja aliyevaa vazi jeupe la jikoni akaja, akaketi kwenye benchi na mfuko wake wa vyeti, akaambiwa asubiri kidogo. Ndipo Katibu akamwona mumewe akivuka barabara, na safari hii mabega hayakusomeka. Alisimama kwanza kupisha baiskeli iliyokuwa mbali mno, kisha akavuka, akaingia. Mikono ilikuwa mitupu.

"Bahasha iko wapi?"

"Imebaki kule."

"Amesemaje?"

"Amesoma. Safari hii hakuvua miwani." Mume aliegemea mlango. "Akaniuliza, 'Aliyeandika haya ni nani?' Maana ameona si mimi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, ni abiria wangu."

Katibu akageuka upande wa printa, akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mumewe akampa muda.

"Jumatatu anataka kupanda basi lenyewe," aliendelea. "Mimi na yule wa teksi, kila mmoja kwa zamu yake, yeye akiwa amekaa nyuma kabisa, viti vya watoto. Ndipo ataamua." Akatabasamu, tabasamu lililoanza taratibu kama mambo yake yote. "Nimemwambia atuvumilie, nitalizunguka kwanza."

Akaaga, akaenda kumsaidia jirani kufunga mlango mpya. Katibu alimsikiliza mpaka hatua zake zikapotea katika kelele za barabara, akajifuta macho kwa upande wa kiganja, akakigeuza kiti.

Yule mwanamke wa jikoni alikuwa ameshatoa vyeti vyake na kuvipanga mapajani.

"Mimi sina mengi, Katibu," alisema. "Niwekee tu ile ya kawaida."

"Ile imeisha, dada," Katibu alimjibu, akaweka mikono magotini. "Hebu niambie. Chumvi ikizidi, na wageni wameshakaa mezani, unafanyaje?"

Mwanamke alitazama viatu vyake. Kisha akalivuta benchi karibu.